Jezi 14 za Edwin Jackson

Kocha wa besiboli akitoka kibandani na kuanza kutembea kuelekea katikati ya uwanja, hakuna asiyejua kinachofuata. Hakimbii. Anauvuka mstari wa chokaa, anakipanda kichuguu cha udongo, ananyoosha kiganja. Mrushaji anauweka mpira kwenye kiganja hicho, na kazi yake ya siku inaishia hapo. Kilichobaki ni kurudi kibandani kwa miguu, peke yake, macho ya uwanja mzima yakimsindikiza.

Niliyaona hayo kwa mara ya kwanza kiangazi cha 2014, Wrigley Field, Chicago, nimekaa juu kabisa kwenye viti vya bei ya chini. Mrushaji alikuwa Edwin Jackson, na watu walikuwa wanamzomea. Nimekulia Tanga, nimekaa sana Mkwakwani Coastal Union ikifungwa nyumbani, kwa hiyo najua uwanja unavyoweza kumgeuka mtu. Lakini zomeazomea ya siku ile ilikuwa na hesabu ndani yake. Waliokuwa wakizomea walijua kwamba Cubs, timu mwenyeji wa uwanja ule, ilimsainisha mkataba wa miaka 4 kwa dola milioni 52, na kwamba msimu wake wa kwanza pale, 2013, alishinda mechi 8 akapoteza 18. Kila mpira uliopotea ulikuwa na bei yake.

Aliuweka mpira kwenye kiganja cha kocha. Hakuutupa, hakuukabidhi kwa hasira. Akashuka kichuguu kwa mwendo uleule aliopandia, na mwendo ule nimekaa nao mpaka leo.

Aliyenipeleka pale alikuwa mzee mmoja wa Kidominika tuliyekuwa tunapanga naye maboksi zamu ya usiku. Mimi niliingia Marekani Januari 2012, kwa bahati nasibu ya viza, na kazi yangu ya kwanza, ya pili na ya tano zote zilitoka kwa wakala mmoja wa vibarua aliyekuwa akitugawa kwenye maghala ya pembezoni mwa jiji. Ujumbe ulikuwa unaingia kwenye simu saa nne, saa tano usiku: kesho usiende kule, nenda huku. Anwani na saa ya kuripoti, basi. Hakuna aliyekuuliza utafikaje mahali ambapo basi la kwanza linapita saa moja baada ya zamu kuanza. Ukifika unapewa reflekta nyingine, kitambulisho kingine chenye namba, unaonyeshwa choo kilipo, unaanza kubeba. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe unapewa dakika ya kumi.

Mzee huyu alitoka San Pedro de Macorís, mji wa miwa na besiboli. Baba yake alikuwa mkata miwa. Nilipomwambia kwamba babu yangu alikuwa mkata mkonge, aliniangalia kwa muda, kisha akanikatia nusu ya mkate wake. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo mambo mengi tuliyaelezana kwa mikono, na mchezo huu ndivyo nilivyofundishwa: kwa mikono, juu ya meza ya chumba cha mapumziko, vifuniko vya chupa vikiwa wachezaji.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuangalia, nitaeleza kidogo tu. Rede waliyocheza dada zetu uani inasaidia: mmoja anarusha, mwingine anahangaika kuuepa mpira. Kwenye besiboli mwenye kuhangaika amepewa gongo. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwake, juu ya kichuguu cha sentimita 25. Mpira una gramu 145 hivi na umeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono 108, na mrushaji anaipapasa mishono hiyo kwa ncha za vidole kama mshonaji anayetafuta pindo gizani, kwa sababu namna anavyoishika ndiyo inayoamua mpira uende sawa, ukate kona au udondoke ghafla. Jackson katika ubora wake alirusha kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Kwa kasi hiyo mpira unafika kabla nusu sekunde haijatimia. Mpigaji akiukosa mara tatu ametoka. Lakini mrushaji naye amebanwa: lazima apitishe mpira kwenye kijieneo chenye upana wa sentimita 43, kati ya magoti na kifua cha mpigaji. Akitoka nje ya hapo mara nne bila mpigaji kushawishika kuupiga, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure, anatembea tu kwenda kukichukua.

Kituo cha bure ndicho kinachowatia makocha mvi. Na Edwin Jackson, tangu mwanzo mpaka mwisho, aligawa vituo vya bure. Alikuwa na mkono ambao Mungu hawapi wengi, ila mkono huo haukumtii kila siku.

Alizaliwa Neu-Ulm, Ujerumani, tarehe 9 Septemba 1983, baba yake akiwa askari wa jeshi la Marekani. Alikulia Columbus, Georgia, mji ulio jirani na kambi kubwa ya jeshi. Dodgers wa Los Angeles walimchagua mwaka 2001 akitoka sekondari. Tarehe 9 Septemba 2003, siku aliyotimiza miaka 20, wakampandisha kichuguuni kwa mara ya kwanza kwenye ligi kuu, ugenini Arizona, na upande wa pili alisimama Randy Johnson, mtu wa mita 2.08 ambaye wapigaji walikuwa wanamwota usiku. Kijana akarusha duru 6 kati ya 9 za mchezo, akaruhusu alama 1, akashinda. Siku ya kuzaliwa gani inaweza kuzidi hiyo?

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya kupanda na kushuka kati ya Los Angeles na timu yao ya ngazi ya chini Las Vegas. Januari 2006 Dodgers wakamtoa kwa Tampa Bay, kwa kubadilishana wachezaji. Alikuwa na miaka 22. Mwaka 2007 pale Tampa alishinda mechi 5, akapoteza 15. Mwaka uliofuata akashinda 14, na timu ile, ambayo ilikuwa ikishika mkia karibu kila mwaka tangu ianzishwe, ikafika fainali ya ligi. Msimu ulipokwisha wakamtoa kwa Detroit. Mwaka 2009 pale Detroit aliitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Msimu ulipokwisha wakamtoa kwa Arizona, katika mabadilishano ya timu tatu.

Angalia mpangilio huo. Alipofanya vibaya walimvumilia. Alipofanya vizuri walimuuza. Mzee wangu alinieleza sababu akiwa anasukuma vifuniko vyake vya chupa: mwenye mkono kama ule akifanya vizuri bei yake inapanda, na mkataba wake unakaribia mwisho, kwa hiyo timu isiyotaka kumlipa inamtoa mapema ipate vijana watatu wa bei nafuu. Na timu inayomchukua inajiambia kwamba sisi ndio tutakaoutuliza mkono huo. Kila kocha wa warushaji aliamini hivyo. Miaka 17 makocha waliamini hivyo.

Kuna usiku wa Arizona ambao siwezi kuupita haraka.

Ilikuwa saa tisa usiku, mapumziko ya nusu saa, ghala la vifaa vya jikoni. Mzee akatoa simu yake iliyopasuka kioo akaniambia niangalie. Ni tarehe 25 Juni 2010, uwanja wa Tropicana Field kule Florida, ule wenye paa. Arizona wanacheza na Tampa Bay, timu ya zamani ya Jackson, ndani ya uwanja wake wa zamani. Mwenzake Adam LaRoche ameupiga mpira ukavuka uzio duru ya pili, kwa hiyo wanaongoza 1 kwa 0. Na Jackson hajui mpira unakwenda wapi. Duru ya tatu anawapa watu watatu mfululizo vituo vya bure. Vituo vyote vitatu vimejaa, hakuna mpigaji hata mmoja aliyetolewa. Pigo moja dogo tu na mchezo umegeuka.

Mzee alisimamisha picha hapo. Akaniuliza: ungekuwa kocha, ungefanya nini? Nikasema ningemtoa. Akatikisa kichwa, akabonyeza iendelee.

Akatoka mle bila kuruhusu hata alama. Duru ya nne ikapita, ya tano, ya sita. Watu wakaanza kuhesabu kitu kingine: wapigaji wa Tampa walikuwa wamepewa vituo, walikuwa wametembea, mmoja alikuwa amegongwa na mpira, lakini hakuna aliyepata pigo safi hata moja. Mechi ambayo mrushaji anaimaliza bila kuruhusu pigo hata moja ni jambo ambalo warushaji wengi wakubwa wamezeeka bila kulipata. Lakini kulikuwa na hesabu ya pili, ya mipira aliyorusha. Siku hizi mrushaji akifika 100 kocha anaanza kuangalia simu ya kuita wa akiba, kwa sababu bega na kiwiko ni nyama na kano, vinachanika. Jackson akafika 100, akafika 120, akapita 130. Alikuwa amekwisha kuweka wazi kwamba hatoki. Kocha wake, A.J. Hinch, akamwacha.

Mpira wa 149 ulipigwa ukabingirika chini kwenda kwa mlinzi wa kati, akauokota, akautuma kituo cha kwanza. Kwisha. Mipira 149, vituo 8 vya bure, mapigo sifuri, 1 kwa 0.

Wapo wanaouita mchezo ule mbovu kuliko yote ya aina yake. Sikubaliani nao, na nimeurudia mara nyingi kuliko mechi yoyote ya mpira wa miguu niliyowahi kuipenda. Michezo mingine ya namna ile inaonyesha mtu aliyekuwa na siku ambayo kila kitu kinamtii. Huu unaonyesha mtu ambaye mkono wake ulimkatalia kuanzia duru ya kwanza, akakaa nao, akafanya nao kazi vilevile ulivyo kwa saa kadhaa mpaka ukamaliza.

Siku sita baadaye, tarehe 1 Julai, Hinch alifukuzwa kazi. Tarehe 30 Julai Jackson akatolewa kwa White Sox wa Chicago. Tangu mpira ule wa 149 zilikuwa zimepita wiki tano tu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Muha wa Kasulu. Alisafirishwa kwa treni kuvuka nchi nzima kuja kukata mkonge Tanga, na watu wa namna yake waliitwa manamba, kwa sababu mtu aliandikwa kwa namba, na siku zake za kazi zilihesabiwa kwenye karatasi ya kipande. Alimaliza mkataba Ngomeni, akasaini mwingine Pongwe, na Kasulu hakurudi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, wanasema watu wa pwani, lakini wapo ambao hawakuwahi kurejea ngamani. Nikiona mtu anapewa jezi yenye namba mgongoni, kisha anaambiwa kesho namba yako iko mji mwingine, siwezi kujizuia kumkumbuka.

Najua tofauti. Babu alikufa bila bati juu ya nyumba yake, na Jackson alilipwa mamilioni ya dola. Sitaki kumtukana babu kwa kulinganisha fedha. Ninacholinganisha ni hiari. Kabla yangu mimi kuwaza hivi, mchezaji mmoja wa besiboli alikwisha kuwaza, tena kwa gharama kubwa. Mwaka 1969 Cardinals wa St. Louis walimtoa Curt Flood kwa Philadelphia bila kumuuliza. Flood, mtu mweusi aliyekuwa akilipwa vizuri kuliko wengi, akakataa kwenda. Alimwandikia mkuu wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, na alipoulizwa inakuwaje mtu mwenye mshahara kama wake alalamike, alijibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama ya Juu ya nchi, akashindwa mwaka 1972, na kazi yake ya uchezaji ikawa imekufa.

Kilichozaliwa baada yake ni kanuni ambayo mzee alinieleza kwa heshima, kama anayesoma aya. Mchezaji akitimiza miaka 10 kwenye ligi kuu, na mitano ya mwisho mfululizo akiwa na timu moja, hahamishwi bila ridhaa yake. Wa kwanza kuitumia alikuwa mtu wa hapahapa Chicago, Ron Santo wa Cubs, mwishoni mwa 1973, alipokataa kupelekwa California.

Miaka 10 Jackson aliipata, akazidisha. Mitano mahali pamoja hakuipata kamwe. Hakuna timu aliyokaa nayo zaidi ya misimu mitatu. Haki ya kusema hapana imewekewa wale ambao hawakuhamishwa, na wanaohamishwa kila mara ndio wasioweza kuifikia. Niliposikia hivyo niliacha kula. Nilikuwa nimetoka kupokea ujumbe jioni ile kwamba Jumatatu niende ghala la sita.

Baba mdogo alikuwa akinipigia kutoka Tanga Jumapili. Shikamoo, marahaba, halafu swali lilelile: "Mwanangu, safari hii uko wapi?" Nikimwambia nimehamia kwingine ananyamaza. Siku moja akasema taratibu, "Kazi haikukai, mwanangu, au wewe huikai?" Kwake yeye, aliyefanya kazi bandarini mahali pamoja mpaka akastaafu, mtu wa kuhamahama ana dosari ambayo hajaisema. Nilitaka kumweleza habari za mrushaji wa Chicago, nikashindwa kujua nianzie wapi. Makala hii, kwa sehemu, ni jibu langu kwake.

Tarehe 27 Julai 2011 iko hivi. Asubuhi Jackson ni wa White Sox. Wanamtoa kwa Toronto. Kabla siku haijaisha Toronto wanamtoa kwa Cardinals wa St. Louis, timu ileile ya Curt Flood. Timu tatu, siku moja, na jezi ya Toronto hakuwahi hata kuigusa. Kwenye kifurushi hichohicho cha kwenda St. Louis alikuwamo Mdominika mmoja, Octavio Dotel, aliyekuwa akienda timu yake ya 12. Miezi mitatu baadaye, tarehe 28 Oktoba, wote wawili walikuwa mabingwa. Mwaka uliofuata Dotel akachezea Detroit, timu ya 13, rekodi ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyekuwa ameifikia.

Kwa mzee wangu Dotel alikuwa bendera. "Kumi na tatu," alikuwa akisema na kuinua vidole, "wewe na Jackson wako mtasubiri." Mimi nikashika upande wangu. Ulikuwa ubishi wetu wa usiku, na ulitupitisha saa nyingi za baridi.

Cubs walimwacha Jackson Julai 2015. Kwa kuwa mkataba ulikuwa bado, waliendelea kumlipa huku akirusha kwingine. Mwaka 2016 Cubs walitwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1908, jiji likafurika watu, nami nilisimama kwenye umati ule nikimfikiria mtu ambaye msimu ule alikuwa ameumalizia San Diego. Atlanta, Miami, San Diego, Baltimore, kisha Washington kwa mara ya pili. Mara nyingine alianzia ngazi ya chini na kusubiri aitwe.

Katika wakati huu, ambao wengi hawakuwa wakimtazama tena, ndipo ninapoona ufundi wake wa kweli. Fikiria mrushaji wa miaka ile anavyofika mahali papya. Mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ndiye anayependekeza kila mpira kwa ishara za vidole, na humjui. Hajui mpira wako wa kudondoka unadondokea wapi siku ukiwa umechoka. Kocha wa warushaji ana mawazo yake kuhusu goti lako. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kuna vijana ambao mmoja wao ameshushwa ngazi ya chini ili wewe upate nafasi, na kabati lako ndilo lililokuwa lake jana. Una siku chache za kujifunza majina 25 na kuaminiwa. Wachezaji wenzake wa timu nyingi walimsema kwa maneno yanayofanana: mtu mchangamfu, anayemsalimia kila mtu, asiyebeba kinyongo cha jana. Mimi nimefika mahali papya mara tisa nikiwa mgeni, na najua uchangamfu wa namna hiyo unatoka kwenye misuli ipi.

Juni 2018 Oakland walimpa jezi. Warushaji wao walikuwa wameumia mmoja baada ya mwingine. Jackson alikuwa na miaka 34, mpira wake haukuwa na moto wa zamani, lakini sasa aliuweka anapotaka mara nyingi zaidi. Alianza mechi 17, akashinda 6 na kupoteza 3, akiruhusu wastani wa alama 3.33 kwa kila duru 9, na Oakland wakamaliza na ushindi wa mechi 97 na kuingia mtoano. Ilikuwa timu yake ya 13. Alikuwa amemfikia Dotel.

Mzee wakati huo alikuwa amekwisha kurudi San Pedro, magoti yamemshinda. Nilimtumia ujumbe wa sauti. Akanijibu kwa neno moja la Kihispania nisiloweza kuliandika hapa.

Tarehe 15 Mei 2019 Jackson akapanda kichuguuni San Francisco akiwa amevaa jezi ya 14. Ilikuwa ya Toronto. Timu iliyommiliki kwa saa chache mwaka 2011 bila kumwona hatimaye ilimvalisha. Hakuna aliyekuwa amewahi kufika timu 14 katika historia ya ligi ile. Na sitaficha kilichofuata: Toronto alipigwa vibaya, zaidi ya alama 11 kwa duru 9, wakamwacha Julai. Detroit wakamchukua tena, akapigwa na huko. Mechi zake za mwisho za ligi kuu ni za Septemba 2019. Hesabu yake inasomeka hivi: ushindi 107, kupoteza 133.

Nimesikia watu wakiitumia namba hiyo ya pili kama hukumu. Wajue kwamba mrushaji haandikiwi kupoteza akiwa benchi. Ili upoteze mara 133, sharti uwe umekabidhiwa mpira mara mamia, na watu ambao ajira zao zilikuwa mkononi mwako.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 2021 ligi kuu haikuwaruhusu wachezaji wake kwenda Olimpiki ya Tokyo, kwa hiyo Marekani ikapeleka vijana wa ngazi za chini na wazee wasiokuwa kwenye vikosi vya ligi kuu. Jackson alikuwamo, miaka 37. Alikuwamo pia Scott Kazmir, aliyerusha naye Tampa mwaka ule wa fainali. Tarehe 7 Agosti, Yokohama, viti vitupu kwa sababu ya korona, Japani ilishinda 2 kwa 0. Jackson akavishwa medali ya fedha. Septemba mwaka uliofuata akatangaza kustaafu. Tayari alikuwa miongoni mwa waliounda Players Alliance, umoja wa wachezaji weusi unaowarudishia watoto weusi mchezo huu. Mwenzake mle ni Curtis Granderson, ambaye walikuwa pamoja kwenye yale mabadilishano ya timu tatu yaliyomtoa Detroit. Walikuwa bidhaa za risiti moja.

Julai 2025 nikarudi Wrigley Field, kwenye viti vilevile vya juu, safari hii na mwanangu. Kansas City walikuwa wageni, na mrushaji wao alikuwa Rich Hill, miaka 45, aliyeanzia ligi kuu hapohapo kwa Cubs mwaka 2005. Ilikuwa timu yake ya 14. Rekodi ya Jackson sasa ina wawili.

Nilimpigia mzee papo hapo, kelele za uwanja zikiingia kwenye simu. Akaniuliza Hill anarusha kwa mkono gani. Nikamwambia wa kushoto. "Wa kushoto hudumu," akasema, kama anayemsamehe. Kisha akaniuliza mimi niko ghala gani siku hizi.

"Sipo ghalani tena, mzee. Nipo hospitali, kitengo cha kupokea vifaa. Palepale tangu 2019."

Akanyamaza. Nikajua anahesabu kwa vidole.

"Umeingia 2012," akasema. "Imezidi kumi. Na mitano ya mwisho mahali pamoja." Sauti yake ilikuwa ileile ya chumba cha mapumziko, ya mtu anayesoma aya. "Sasa wakuulize kwanza."